Ndama Asiye na Uso

Shazli alikuwa mtu wa mgongo. Yaani ukimwendea kazini, kitu cha kwanza utakachokiona ni mgongo wake: kanzu ya buluu iliyopauka, kilemba kilichorukiwa na rangi za kila namna, na mkono wa kulia ukipanda na kushuka ukutani. Kazi yake ilikuwa kuchora nyumba za mahujaji. Mtu akishaondoka kwenda Makka, jamaa zake humwita Shazli, naye huja na makopo yake, na mpaka haji anarudi ukuta wa mbele unakuwa umejaa: ndege, meli, ngamia, Kaaba, mitende, simba wawili pande mbili za mlango, na jina la mwenye nyumba juu yao kwa herufi nene. Upande ule wa magharibi wa mto, chini ya milima ya rangi ya mkate, hakuna kijiji kisichokuwa na simba wake.

Simba hao walijulikana. Wana masharubu kama ya askari polisi, macho ya mviringo, na wanakukazia macho hata ukiwa unapita tu kwenda kununua chumvi. Lakini watu, sijui kwa nini wengine hawakuliona hilo, watu wote Shazli aliwachora kwa upande, shavu la kushoto tu. Haji mwenyewe, mkewe, rubani wa ndege, wote shavu la kushoto.

Na yeye mwenyewe alipenda kuonekana hivyo hivyo. Shavu lake la kulia, kuanzia chini ya jicho mpaka shingoni, lilikuwa na baka la kuzaliwa, rangi ya bilinganya. Wanawake wa kijijini walikuwa na maelezo yao: mamake alipokuwa na mimba alitamani bilinganya, hakulipata, akajishika shavu. Hakuna aliyebisha, hata mamake, ambaye alijilaumu mpaka anaingia kaburini kwa kutokwenda sokoni siku ile. Watoto wa rika lake walimwita Bilinganya. Wakakua, wakaoa, wakaona haya kumwita hivyo. Lakini jina halikwenda popote, liliwaangukia watoto wao kama linavyorithiwa shamba.

Basi akajifunza mahali pa kukaa. Msikitini alisimama mwisho kabisa wa safu, mkono wa kulia, ubavu umegusa ukuta, hivyo salamu yake ya kwanza ya kutoka katika sala iliuendea ukuta na ya pili ndiyo iliyowafikia waumini. Arusini alikaa nyuma ya wapiga ngoma. Hakuoa. Dada yake Nabawiya, aliyeishi mlango wa pili, alimletea mkate wa jua, ule unaoumuliwa juani, ukiwa bado na joto, na pamoja na mkate alimletea maneno.

"Utakufa umegeukia ukuta, ndugu yangu," alikuwa akimwambia. "Na waosha maiti watapata taabu kukugeuza."

"Nitawasaidia," Shazli hujibu, na kumega mkate.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyefanya naye kazi, na huyo hawakuwa wamepata hata kupeana mkono. Kabla ukuta haujachorwa hupakwa chokaa, na chokaa ya vijiji vile vyote ilikuwa ya fundi mmoja Mkopti, Bakhum, kutoka mtaa wa kanisani. Bakhum humaliza jioni na kwenda zake. Shazli huja alfajiri, ukuta umekauka. Miaka nenda miaka rudi wamekula ukuta mmoja kama sahani moja, mmoja akinyanyuka kabla mwingine hajaketi, na ugomvi wao waliupitisha kwa wenye nyumba.

"Mwambieni yule wa chokaa apunguze maji. Rangi yangu inateleza kama kambale."

Na jibu hurudi wiki ijayo, katika nyumba nyingine: "Mwambieni yule wa rangi chokaa yangu haina kasoro. Simba wake wamenenepa mno, ukuta unachoka kuwabeba."

Shazli aliposikia hilo alicheka peke yake, brashi mkononi. Lakini hakwenda kumtafuta.

Mwaka mmoja, hija iliangukia majira ya baridi, na Shazli alikuwa akimalizia mkia wa ndege kwenye nyumba ya mama mmoja msuka vikapu, aliposikia viatu vikisimama nyuma yake.

"Mungu akupe afya, ami Shazli."

"Na wewe pia," alijibu bila kugeuka.

"Mimi ni Wisam, wa chekechea."

Alimjua. Nani asiyemjua Abla Wisam, Bi Mwalimu Wisam, binti wa Qena mjini aliyekuja kufundisha watoto wadogo katika chumba kile nyuma ya duka la mbolea, na ambaye sauti yake ilisikika mpaka kwenye mashamba ya miwa?

"Nataka unichoree kitabu," akasema.

"Mimi nachora nyumba, binti yangu. Kitabu hakina mlango."

"Watoto wangu hawajui kusoma bado. Na vitabu tunavyoletewa vina watoto wenye nywele za manjano wanaoteleza kwenye theluji. Nataka kitabu cha picha tupu, cha hapa hapa. Mnyama yuko peke yake, wenzake hawamtaki. Halafu anapata rafiki. Halafu anajipenda jinsi alivyo. Basi, ndiyo hadithi yote."

Shazli alichovya brashi, akaipangusa kwenye mdomo wa kopo, akaipangusa tena.

"Nusu ya kwanza naijua," alisema mwishowe. "Hiyo nyingine itabidi unieleze."

Abla Wisam alidhani anatania, akacheka, akamwachia furushi la karatasi ngumu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kichekesho. Shazli alimpelekea karatasi zake shuleni wakati watoto wameshaondoka, na mwalimu akazitandaza mezani. Kwenye karatasi ya kwanza kulikuwa na ndama wa nyati, wale wa kufugwa wa huko, akilia peke yake, na ndama huyo huyo akikutana na rafiki, na wawili hao wakiogelea mtoni, na karamu, na jua, na mitende. Kwenye karatasi ya pili yalikuwa mambo yale yale, ila mitende imeongezeka. Na katikati ya kila karatasi aliacha nafasi nyeupe, ndefu, haina kitu.

"Ami, hapa pamefanya nini?"

Shazli alikodoa macho. Akajigusa kilemba.

"Mlango," alisema.

Mwalimu alicheka mpaka akakaa. Shazli naye akashikwa na kicheko, shavu lake limegeukia dirishani. Mkono wake ulikuwa umefanya ulichokizoea: ukuta huonyesha safari nzima kwa mara moja, kuondoka na kurudi, na katikati watu lazima wapite.

"Mtoto akiiona karamu ukurasa wa kwanza, atafunua wa pili kwa nini?" Abla Wisam alisema, akijifuta machozi. "Mpe kidogo kidogo, ami. Kama unavyomlisha."

Hilo alilielewa. Alikaa siku kadhaa kando ya mfereji, pale nyati wa kijiji wanapoogeshwa, akawatazama. Mmoja wa ndama alikuwa mweusi kama wenzake ila usoni alikuwa na doa jeupe lililomwagika kutoka paji mpaka puani, na Shazli akamchagua huyo. Akachora upya, ukurasa kwa ukurasa. Ndama kasimama mbali na kundi. Ndama anaangalia wenzake wakinywa maji. Ndama anapanda juu ya tuta. Ndama mwingine anakuja, wanalala kivulini, mikia yao imegusana. Abla Wisam alizishona kwa uzi wa viatu na kuzitia jalada la kadibodi, na siku ya kuwaonyesha watoto Shazli alijificha nje, chini ya dirisha, kachuchumaa kama mwizi wa kuku.

Alisikia kila kitu. Alisikia watoto wakiguna kwa huruma, wakimcheka ndama alipoteleza kwenye tope, wakipiga kelele rafiki alipotokea. Moyo wake ukafanya kitu ambacho haukuwa umezoea. Kisha kikatoka kisauti cha msichana, chembamba, kutoka nyuma ya darasa.

"Uso wake uko wapi?"

Abla Wisam akafunua kurasa za nyuma, akatazama.

"Haonekani uso," kisauti kikaendelea. "Kurasa zote amegeuka."

"Labda hana," mvulana mmoja akasema.

"Hana uso! Ni jini!"

"Jini la mferejini!"

Mtoto mmoja akaanza kulia, na kilio cha watoto wadogo ni kama moto wa mabua, na kabla Abla Wisam hajapata la kusema darasa zima lilikuwa linalia au linacheka. Shazli aliinuka, akaondoka kwa kupitia mashambani.

Ni kweli, alimchora mgongo tu. Hakuwa amekusudia, ila pia hakuwa amesahau. Kila alipofika kwenye kichwa, mkono ulikigeuza.

Jioni alimtuma Nabawiya shuleni akamwambie mwalimu amrudishie kitabu chake.

"Cha nini?" Nabawiya akauliza.

"Cha kuwashia tanuri lako."

Nabawiya alikwenda, akarudi mikono mitupu. "Anasema kitabu hakipo shuleni. Kuna mtoto amekichukua na hataki kukitoa. Na anasema uende ukakimalize."

"Kimekwisha."

"Ndugu yangu," Nabawiya alisema, na safari hii hakuwa na mzaha, "kitu kisicho na uso hakijaisha."

Asubuhi ya pili, Shazli alikuwa amekaa barazani na glasi yake ya chai, mahali pake pa siku zote, shavu la kulia limeelekea ukutani, pembeni mkeka mtupu. Akatokea mzee mfupi, mpana, kope zake nyeupe kwa vumbi, mikono imechanika kama ardhi ya kiangazi, na kwapani kashika kitabu.

"Asubuhi yako iwe ya asumini," mzee alisema. "Mimi ndiye yule wa chokaa."

Shazli akaweka glasi chini. "Na mimi ndiye yule wa rangi."

"Najua. Nimeona ngamia wako mmoja ana magoti matano, nikasema huyu mtu lazima siku moja nimwone." Bakhum alitazama huku na huku, akaubeba ule mkeka, akaupeleka upande wa pili na kuubana kati ya Shazli na ukuta, akaketi juu yake. "Nakaa huku. Huku kuna jua."

Hakuna mtu aliyekuwa ameketi upande ule. Shazli alisogea mpaka ukingoni mwa baraza, akaona hana pa kusogea tena, akabaki. Akamwita Nabawiya alete glasi ya pili.

"Mjukuu wangu Dimyana yuko chekechea," Bakhum alisema, akitia sukari kijiko juu ya kijiko. "Ana jicho moja vivu. Daktari wa Qena amemziba lile zima kwa kitambaa, ili lile vivu lisipate pa kukimbilia. Dawa nzuri, lakini watoto! Wanamwita Chongo. Anakaa nyuma peke yake, hali, hachezi. Jana karudi na kitabu hiki kifuani. Tukampa mlenda, hataki. Tukampa asali, hataki. Anasema ndama huyu amefichwa uso kwa sababu uso wake ni mbaya. Na kama ndama kafichwa, na yeye anataka afichwe, haendi tena shule mpaka kitambaa kitoke. Na daktari amesema kinakaa mpaka kiangazi."

Shazli akaizungusha glasi yake pale chini.

"Sasa mimi nakuuliza kama fundi kwa fundi. Simba wako wana nyuso. Mpaka masharubu unawatia. Ndama amekukosea nini?"

"Simba si mimi," Shazli alijibu, na sauti ilimtoka ndogo.

Bakhum alipuliza chai yake. Alikunywa kidogo, akapuliza tena.

"Aha," alisema.

Wakakaa. Punda alipita na mzigo wa miwa, na mwenye punda akawasalimu, akageuka mara mbili kuhakikisha ni Shazli kweli yuko na mgeni.

"Sina kioo ndani," Shazli alisema. "Kinyozi akininyoa nafumba macho. Sijui hata hili baka limefika wapi. Nikitaka kumchora, nitamchoraje?"

"Ndiyo hilo tu? Geuka."

"Nini?"

"Geuka, bwana. Nimekuja na miguu yangu, magoti yananiuma. Geuka nikuambie."

Shazli aligeuza uso wake polepole, kama mtu anayefungua mlango wa banda asijue kuna nini ndani. Bakhum alimtazama kwa makini, si kwa huruma wala kwa kukwepa, bali kama anavyotazama ukuta kabla ya kutaja bei.

"Linaanza chini ya jicho," akasema. "Hapo lina ncha, kama pua ya mtumbwi. Halafu linapanuka. Linapita karibu na sikio lakini haliligusi. Kwenye taya lina visiwa viwili vidogo. Chini linafifia, kama unyevu unavyopanda ukutani kutoka ardhini, unajua? Ukipaka chokaa leo, kesho umerudi. Mimi wenye nyumba nawaambia waache, wasinilipe bure. Ukuta wenyewe ni mzima. Umesimama miaka na miaka."

"Unanifananisha na ukuta."

"Ukuta ndio kitu ninachokijua. Ungetaka kufananishwa na mwezi ungeoa."

Shazli akacheka, kicheko kikubwa, mpaka Nabawiya akachungulia kutoka kwake akidhani amepaliwa. Kisha akaingia ndani, akatoka na karatasi na kopo la nyeusi na lile la nyeupe. Akachora barazani pale pale, Bakhum akimtajia. "Sasa panua. Basi, basi, usizidishe, wewe na unene wako! Visiwa viwili. Kingine ni kidogo zaidi." Doa la ndama halikuwa tena kama lile la yule wa mferejini. Lilianza na ncha chini ya jicho, likapita kando ya sikio bila kuligusa. Ndama alitazama mbele, macho wazi, masikio yamesimama; kando yake yule rafiki, bado kageuka mgongo.

"Mh," Bakhum alisema. "Kafanana."

"Na mimi?"

"Na ndama. Na wewe kidogo."

Siku iliyofuata, ukurasa mpya ukiwa umetoka kubandikwa mwisho wa kitabu, walikwenda pamoja, Dimyana katikati yao, kitambaa jichoni, mkono mmoja umemshika babu na mwingine hauna pa kushika. Mlangoni mwa darasa Shazli alisita. Chumba kilikuwa kidogo, hakina pembe ya kujibanza, na Abla Wisam alikuwa ameweka kiti kimoja tu, cha mtoto, katikati, kikitazama watoto wote.

"Shika wewe ukurasa, mimi niende," Shazli alimnong'oneza.

"Gundi haijakauka, ami. Itabidi uushike mwenyewe."

Akaketi, magoti yamefika kidevuni. Watoto walimwona. Alisikia neno lile likipita kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, Bilinganya, Bilinganya, kama maji yanavyopita chini ya mlango. Akafungua kitabu kwenye ukurasa wa mwisho, akauinua.

Watoto wakamtazama ndama. Wakamtazama Shazli. Wakarudi kwa ndama.

"Ami," alisema yule mvulana wa jini, "huyu ni wewe?"

Shazli aliutupia jicho mlango. Ulikuwa wazi, hatua chache tu.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi."

"Lilikumwagikia?"

"Nilizaliwa nalo."

"Halitoki kwa sabuni?"

"Mamangu alijaribu."

Watoto wakacheka, na Shazli, kwa mshangao wake, aliona ni kicheko cha kawaida, kama kile alichokisikia ndama alipoteleza kwenye tope. Kisha Dimyana akaachia mkono wa babu yake. Alisogea mpaka akafika pale kitini, akainua kichwa, na kwa lile jicho lake vivu akaanza kumkagua Shazli, bila haraka, kwa sababu jicho hilo lilikuwa halifanyi chochote kwa haraka.

"Linauma?" akauliza.

"Hapana."

"Langu linawasha." Akajikuna pembeni ya kitambaa. Akaugeukia ukurasa, akaweka kidole juu ya ndama wa pili, yule rafiki, ambaye bado alikuwa amechorwa mgongo. "Na huyu? Uso wake?"

"Huyo sijamchora bado."

"Kwa nini?"

"Sikujua anafananaje."

Dimyana alifikiri. "Anaweza kuwa na kitambaa?"

"Anaweza."

"Wote wamwone. Asigeuke."

"Hatageuka."

Abla Wisam alikuwa ameshaleta kopo la rangi bila kuambiwa. Bakhum, kule mlangoni, alikuwa akijifuta kope kwa kiganja na kusema vumbi la chokaa halimwachi mtu. Watoto wa mbele wakaanza kusogeza makalio yao sakafuni, wakakaribia kiti, wakazidi kukaribia, mmoja akaegemea goti la Shazli kama anavyoegemea nguzo.

Shazli akachovya brashi. Akamgeukia yule msichana, uso mzima.

"Sogea kwenye mwanga, mama," akamwambia. "Nikuone vizuri."